Steringi hafi, lakini dada huyu siyo steringi: uzi maalum wa The Romance of Tiger and Rose

Mama_Rimoti (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Ijumaa nilipita kibanda cha muvi hapa mtaani nimjazie mwanangu katuni kwenye flashi. Jamaa akaniambia, dada chukua na mzigo mpya wa Kichina, utanishukuru. Faili kaliandika TIGER KUNGFU. Nikajua mzee nyumbani atafurahi. Tumefungua, tiger hakuna, kungfu hakuna. Kuna dada kakaa kwenye meza ndefu na makaratasi yake, na kaka mmoja mtanashati anamwambia mbele za watu kwamba alichoandika hakina kichwa wala miguu. Mzee akaenda kulala. Mimi nimelala saa kumi alfajiri.

Kwa asiyeijua, hii ni sizoni ya Kichina iitwayo The Romance of Tiger and Rose: dada anaitwa Chen Xiaoqian, mwandishi wa skripti. Ameandika sizoni ya mapenzi ya zama za wafalme. Siku ya kuisoma na waigizaji, Han Mingxuan, ambaye ndiye aliyepewa usteringi, anaanza kumhoji. Huyu anampenda yule kwa sababu gani? Na wewe mwandishi, umeshawahi kupenda? Hapo ndipo penye kidonda, maana dada hajawahi kuwa na mtu. Anarudi nyumbani na hasira zake, na akija kushtuka yuko ndani ya skripti yake mwenyewe.

Wangemwamsha kama mhusika mkuu ningezima TV nikamfuate mzee. Mhusika mkuu ni Chen Chuchu, binti wa pili wa mtawala wa mji wa Huayuan. Yeye kaamka kama Chen Qianqian, binti wa tatu, mtukutu, mji mzima unamsema. Na huyo Qianqian kamwandikia mwenyewe kufa episodi ya tatu. Anayemuua ni Han Shuo, mtoto wa mtawala wa mji wa Xuanhu, na ana sura ileile ya kaka aliyemzodoa mezani.

Sasa fikiria usiku wa harusi. Qianqian kamteka Han Shuo njiani, akipelekwa kuolewa na Chuchu (kuolewa, ndiyo, sijakosea, tutafika huko). Chumba chekundu chote, bwana harusi kavaa tabasamu, pombe ya maharusi iko tayari. Na dada anakumbuka. Ile sumu aliiweka yeye. Nahisi aliiandika harakaharaka tu, jioni moja kachoka, kwa sababu alihitaji mtu afe ili steringi aonekane hatari. Leo koo ni lake.

Sisi tumekulia kwenye sheria moja: steringi hafi. Risasi zinamkwepa, anaanguka toka ghorofani anajifuta vumbi. Tulikuwa hatuwaulizi habari wale wengine, wanaoanguka nyuma ya pipa. Hii sizoni imenikalisha nyuma ya pipa. Ndiyo maana nimefungua uzi. Walioiona tuje tujadili, na tafadhali msinimalizie mwisho, niko ya kumi na saba.

Steringi wa Temeke

Dada, kwa hiyo ni mapenzi? Nimesoma yote hayo nasubiri mtu apigwe teke. Mchina wa siku hizi ameacha kupigana, analia kwenye maua. Napita.

Bonde la Ufa

Wasee, hii niliimaliza kwa siku mbili, zote 24, nikicheka pekee yangu kwa matatu hadi jirani akabadilisha kiti.

Mama Rimoti hajagusa kitu kinachonifurahisha zaidi. Dada akishaelewa yuko wapi, mpango wake ni rahisi: Han Shuo na Chuchu wapendane vile alivyoandika, hadithi ifike mwisho, yeye arudi nyumbani. Kwa hivyo anahangaika kuwasukuma pamoja. Na Han Shuo, kwa sababu ana akili nyingi kupita kiasi, kila kitu anakisoma kinyume. Huyu mwanamke anakubali niende kwa dada yake? Basi ananipenda hadi anajitoa mhanga! Ameniachia nafasi ya kutoroka? Maskini, mapenzi yamemmaliza. Jamaa alikuja kuua mtu na kuiba, sasa anakaa usiku akimhurumia mtu huyo kwa jinsi anavyompenda.

Halafu kuna Bai Ji, mtumishi wake. Kila mara anakuja na mpango mpya wa kumwondoa Qianqian, na kila mara bosi wake anapata sababu ya kuahirisha. Mimi ningekuwa Bai Ji ningeandika barua ya kuacha kazi.

Kimya Kingi

Nimeweka kambi. Nani ana chai?

Vijiti_na_Ugali

Mleta uzi umenigusa. Nilisoma Nanjing miaka kadhaa, na hizi sizoni ndizo zilizonifundisha Kichina cha mtaani kuliko darasa. Niongeze kidogo.

Jina la Kiingereza linapoteza watu, ndiyo maana muuza muvi kaandika kungfu. Kwa Kichina ni *Chuanwen zhong de Chen Qianqian*, yaani Chen Qianqian wa kwenye uvumi, yule wanayemsema. Ukilijua jina hilo unaiangalia sizoni kwa jicho lingine. Kila anayekutana na dada ameshasikia habari zake, na habari zenyewe kaziandika yeye. Hawezi kusema "ananizulia". Aliyezua ni nani?

Aina hii ya hadithi Wachina wanaiita *chuanshu*. *Shu* ni kitabu. *Chuan* ni kupenya, kama uzi unavyopita tundu la sindano, lakini neno hilohilo ndilo la kuvaa nguo. Mimi kila nikilisikia nawaza mtu aliyekivaa kitabu na kimembana mabegani.

Mama yake *chuanshu* ni *chuanyue*, kuvuka zama. Mwaka 2011 ndio ulikuwa mwaka wake. Januari ilirushwa *Gong*, Septemba ikaja *Bu Bu Jing Xin*, zote kwenye televisheni ya Hunan. Hiyo ya pili ina msichana wa mjini wa leo anayezinduka katika nyumba ya wakubwa zama za mfalme Kangxi, katikati ya watoto wa mfalme wanaogombea kiti. Alisoma historia shuleni, anajua nani atashinda na nani ataozea kifungoni, na anawapenda wote. Hiyo msiiangalie peke yenu wakati wa mvua.

Mwaka huohuo mamlaka ya utangazaji ya China ikanung'unika hadharani kwamba sizoni za kuvuka zama zinachezea historia. Waandishi wakatafuta mlango wa uani. Mlango mmoja ni kutunga nchi ambayo haikuwahi kuwepo: Huayuan na Xuanhu hazimo katika historia ya ufalme wowote, kwa hiyo hakuna babu wa mtu aliyedhalilishwa. Mlango mwingine ni kusema hatuendi zamani, tunaingia kitabuni tu. *Qing Yu Nian* ya 2019 ilifanya hivyo wazi kabisa. Inafunguka na mwanafunzi wa chuo anayempelekea profesa wake hadithi aliyoiandika, na yote tunayoyaona ni hiyo hadithi. Riwaya yenyewe haikuanza hivyo.

Na mnaoshangaa kwa nini sizoni hizi sasa ni fupi: Februari 2020 mamlaka hiyohiyo ilitoa waraka kwamba tamthilia zisizidi episodi 40, na ikahimiza 30 kushuka chini. Hii yetu ya Qianqian ikaruka Tencent, jukwaa la video la mtandaoni, tarehe 18 Mei mwaka huo, ikiwa na 24. Wengi walikuwa hawaitegemei kabisa. Zhao Lusi, anayemwigiza Qianqian, alitoka hapo akiwa mtu mwingine.

Binti Shangani

Shukrani mwalimu. Mie nina swali la kijinga kidogo. Hii habari ya mtu kuponea kwenye hadithi, si ndo ile ya *Alfu Lela Ulela* tuliyosomewa na bibi? Bibie yule kila usiku anahadithia ili asichinjwe asubuhi. Tofauti naiona moja tu: yule hadithi ilikuwa inatoka mdomoni mwake na akili yake ikiwa nje, anaichunga. Huyu Qianqian ameimwaga kwanza, kisha ndo kaingizwa ndani. Hawezi kuikatiza ikifika pabaya.

Hebu tuambie, Wachina wenyewe wana ya kale ya namna hiyo, au ni mambo ya simu haya?

Vijiti_na_Ugali

Bi Shangani, swali lako siyo la kijinga hata kidogo. Wanayo, tena ni tamu.

Kulikuwa na mzee anaitwa Pu Songling, alizaliwa 1640 akafa 1715, huko Shandong. Mitihani ya serikali ilimshinda karibu maisha yake yote, akawa mwalimu wa kufundisha majumbani mwa watu na mkusanyaji wa visa vya mizimu na mbweha. Kimoja kinaitwa *Ukuta Uliochorwa*. Bwana mmoja anaingia hekaluni na rafiki yake, anaona ukutani wamechorwa wasichana, mmoja kashika maua, nywele zimeachiwa kama za mwali ambaye hajaolewa. Anamkodolea macho. Anamkodolea mpaka mwili unakuwa mwepesi, anaelea, yuko ndani ya ukuta. Anakaa huko na yule msichana siku kadhaa. Wenzake msichana wakigundua, wanamcheka na kumfunga nywele juu, kimtu mzima. Baadaye inakuja hatari, bwana anajificha chini ya kitanda, na huku nje rafiki yake anauliza, jamani mwenzangu kaenda wapi? Mtawa mzee anagonga ukuta kwa kidole, anamwita. Bwana anatoka, miguu inamtetemeka.

Wanageuka kuangalia picha. Yule msichana bado kashika maua. Lakini nywele zimefungwa juu.

Hapo ndipo ninapowapendea Wachina. Rangi ukutani ilibadilika. Aliyeingia alitoka, na aliyebaki alibaki na alama.

Kimya Kingi

Duh. Hiyo ya nywele.

Steringi wa Temeke

Nimerudi, siyo kwa sababu ya mapenzi. Mleta uzi kasema jamaa alikuwa anapelekwa KUOLEWA na akaahidi kueleza. Eleza basi.

Mama_Rimoti

Hahaha, karibu tena kaka.

Huayuan wanatawala wanawake. Mtawala ni mama, mrithi ni binti, jeshi liko chini ya mama mwingine. Mwanamume mwema ni anayetulia ndani, asiyejibujibu, anayejua kumpendeza mke. Xuanhu kwa kina Han Shuo ni kinyume chake, yaani kama tulivyozoea. Kwa hiyo huyu simba wa Xuanhu anafika mahali ambapo watu wanamtathmini kama mwali: kafundwa au hakufundwa?

Na kufundwa nakusudia kufundwa hasa. Kuna nyumba ya wanaume waburudishaji, na mkubwa wao, Su Mu, ndiye anayejua kila njia ya kushika moyo wa mwanamke. Mimi nilipomwona nikasema hiki kitu nakijua. Huyu ni kungwi! Nimechezwa mimi, somo yangu alinikalisha ndani, naelewa sauti ile ya "mwanangu, mwenzio akirudi usimpokee kwa uso wa ndimu." Sasa maneno yaleyale anaambiwa mwanamume mzima mwenye mabega. Nilicheka mpaka machozi. Halafu katikati ya kicheko nikanyamaza, kwa sababu maneno yakiwa mdomoni mwa somo yangu sikuwahi kuyacheka.

Mzee alipita sebuleni kuchukua maji, akasimama dakika tano, akauliza, "Huyo mbona anafundishwa hivyo?" Nikamwambia kaa uangalie. Hakukaa, lakini maji aliyanywa taratibu.

Vijiti_na_Ugali

Na hilo nalo lina ukoo. Katika *Safari ya Magharibi* ya karne ya 16 mna nchi ya wanawake watupu, ambako mtu anapata mimba kwa kunywa maji ya mto. Lakini ndugu wa damu wa Huayuan ni riwaya ya Li Ruzhen ya mwanzoni mwa karne ya 19, *Jinghua Yuan*. Wafanyabiashara wanafika nchi ambayo wanaume ndio wake. Mmoja wao, Lin Zhiyang, kaenda kuuza vipodozi, mfalme, ambaye ni mwanamke, anampenda na kuamuru awe mke wake. Wanamtoboa masikio. Kisha wanamfunga miguu kwa vitambaa, vidole vinakunjwa chini ya wayo, kila siku wanakaza, anapiga kelele na anachapwa. Hapo mwandishi hakuhubirii kwamba kufunga miguu ni kubaya. Anakueleza mguu tu, wa mwanamume, mpaka unajikuna wako.

Fundi Antena

Naomba niwe mchawi wa uzi huu.

Mnaipamba sana. Ni sizoni ya bei nafuu, inaonekana: mitaa ileile, chumba kilekile, rangi kama duka la pipi. Na habari ya mji wa wanawake naona wameitumia kuchekesha zaidi kuliko kufikiri. Wamegeuza kibao tu. Mwenye nguvu ni mwanamke badala ya mwanamume, lakini amri, vifungo na dharau ni vilevile. Fundi mzuri wa hadithi angejiuliza: mji ambao wanawake wametawala vizazi na vizazi ungekuwa na soko la namna gani? Mazishi ya namna gani? Mtoto anapewa jina la nani? Huyo Li Ruzhen unayemtaja alishuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Hawa wameishia kwenye mavazi.

Na kingine. Mnamtazama Qianqian tu. Mimi naona Han Shuo ndiye kapewa kila kitu: ana ugonjwa wa moyo, anatafuta Longgu, yaani mfupa wa joka unaotunzwa Huayuan, ili apone, ana sababu ya kuja, ana sababu ya kuua, ana sababu ya kupenda. Chuchu kapewa nini? Kaandikwa kuwa bora kwa kila kitu, na ubora wenyewe haumsaidii.

Bonde la Ufa

Lakini Fundi, si hiyo ndiyo hoja yenyewe? Aliyeandika ule mji ni Xiaoqian, na tangu dakika za kwanza tunaambiwa skripti yake ina mashimo. Kama mji ni mwepesi, ni mwepesi kwa sababu yeye aliuandika mwepesi.

Fundi Antena

Huo ni ujanja wa mpishi anayesema chumvi imezidi kwa makusudi.

Bonde la Ufa

😂 Nimekubali kupigwa. Naenda kunywa maji.

Mama_Rimoti

Fundi, la bei nafuu nakubali. La Chuchu nitalijibu, ila acha nipitie kwa Pei Heng kwanza, maana ndiye aliyenifanya niache kucheka.

Pei Heng ni mchumba wa Qianqian. Siyo Han Shuo, huyu alikuwa wake tangu mwanzo. Mama yake ni mkubwa wa jeshi, na yeye mwenyewe ni miongoni mwa wanaume wachache sana wa Huayuan waliopata cheo. Mpole, msomi, uso umetulia kama maji ya mtungi. Na mtu huyu kazi yake katika skripti ilikuwa moja: kuachwa. Kila hadithi ya mapenzi inahitaji mtu mwema wa kuachwa, ili tuone steringi alivyo mtamu zaidi.

Sasa mwandishi yuko mbele yake. Anamwona anavyozungumza na watu wake, anavyoumia halafu anajikusanya ili asimwaibishe mwenzake hadharani. Na anajua hakumwandikia yote yale. Unauona kwenye uso wa Zhao Lusi, ule mshangao wa mtu aliyepanda mchicha akakuta mnazi. Yeye alitaka kijana wa kupita tu. Nani alimpa huyu mtu moyo?

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini kujua skripti hakumsaidii dada. Anajua nani atafanya nini. Kwa nini, hajui, kwa sababu alipokuwa anaandika hakujiuliza. Kila "kwa nini" aliyoiruka inamrudia ikiwa na uso na jina. Chuchu ndiye mfano mkubwa, Fundi. Kumpa mtu kila sifa na kumnyima sababu ni kumnyima kitu, wewe mwenyewe umesema. Halafu mwandishi anakuja kuchukua nafasi yake yote, mume, sifa, mapenzi ya mama, na anashangaa Chuchu akianza kubadilika. Angebakije vilevile? Mhusika mkuu aliyenyang'anywa hadithi anageuka nini?

Nilimwandikia dada yangu mmoja meseji usiku ule. Dada ambaye nyumbani tulishamwandika kuwa mkorofi tangu darasa la sita, na hakuna aliyewahi kuuliza. Haya, tuendelee.

Binti Shangani

Mama Rimoti, kakujibu?

Mama_Rimoti

Kaniuliza kama nina homa. Kisha tukaongea saa nzima.

Vijiti_na_Ugali

Mnaotaka kuendelea na aina hii, kuna mbili nazipendekeza, na zinavuta pande tofauti.

*Yong Ye Xing He* ya Novemba 2024, episodi 32. Humo aliyeingizwa kitabuni ni msomaji, Ling Miaomiao, anayeigizwa na Yu Shuxin. Anaamka kama Lin Yu, binti wa ofisa, mwanamke wa pembeni mwenye roho mbaya. Halafu kuna kile wanachokiita *xitong*, mtambo usioonekana unaompa kazi: fanya hiki, mpate huyu, ukishindwa utaona. Anayetakiwa kumpata ni Mu Sheng, mwindaji wa mapepo ambaye mwenyewe ana pepo ndani, na utepe wa nywele zake ndio unaofunga nguvu hiyo. Mnajua nani kamwigiza Mu Sheng? Ding Yuxi. Yule yule Han Shuo wetu. Jamaa sasa ni mtaalamu wa kupendwa na wageni kutoka nje ya kitabu.

Ya pili ni *Shu Juan Yi Meng* ya 2025, episodi 40. Humo mwigizaji Song Xiaoyu anaangukia kwenye skripti kama Song Yimeng, ambaye ameandikiwa mateso. Yeye mpango wake ni kukimbia tu. Anapanda ukuta, skripti inamrudisha. Anajifanya hivi, tukio linajipanga upya ili litokee vilevile. Kwa Qianqian hadithi inapinda ukiigusa. Kwa huyu hadithi ina mkono.

Na kujua zinatoka wapi kunasaidia. Nyingi zinaanzia kwenye riwaya za mtandaoni, na uwanja mkubwa wa waandishi wa kike ni Jinjiang, tovuti iliyoanza 2003. Mwandishi anapandisha sura moja moja, msomaji analipa senti chache kwa herufi elfu, na chini ya sura anatukana au anasifu. Mhusika wa kufa mapema wana jina lake, *paohui*, majivu ya mzinga. Fikiria msomaji aliyekesha miaka akibishana na waandishi: kwa nini umemuua huyu, kwa nini huyu dada ni mjinga hivi? Siku moja akaandika hadithi ya msomaji anayeambiwa, haya, ingia wewe. *The Romance of Tiger and Rose* yenyewe haikutoka kwenye riwaya, iliandikwa moja kwa moja kwa ajili ya skrini, lakini maji ni ya kisima hicho.

Mgeni_Mpole88

Jamani mimi nimeimaliza, pale mwisho kabisa Qianqian ana

*[Ujumbe umefupishwa na msimamizi]*

Mama_Rimoti

Asante msimamizi. Mgeni, nyumbani kwenu hamfundwi?

Mgeni_Mpole88

Samahani dada. Nilizidiwa.

Kimya Kingi

Mtieni Mgeni mikononi mwa Su Mu.

Fundi Antena

Naomba kurekebisha kitu. Baada ya maneno ya Mama Rimoti nimeirudia ile sehemu ya kwanza, ya mezani. Sikuwa nimezingatia kwamba Han Mingxuan hamtukani. Anauliza maswali ya fundi. Yaleyale niliyokuwa nauliza mimi hapa juu kuhusu soko na mazishi. Kisha mtu mwenye sura yake anapewa sumu na anatumwa kummaliza mwandishi. Yaani mkosoaji kageuzwa muuaji, kisha mume. Dada aliyeandika sizoni hii ya kweli, sijui alikuwa anamlipa nani.

Bado nasema mitaa ni ileile.

Bonde la Ufa

Mitaa ni ileile, tumekubali, pumzika sasa.

Steringi wa Temeke

Wakuu, ni saa nane na nusu usiku. Nilisema napita, na nilipita kweli. Ila shemeji yenu alikuwa nayo kwenye simu, nikaangalia kwa bega moja, bando likaisha nikanunua lingine. Niko ya sita.

Swali langu ni la kiufundi, msinicheke. Huyu Bai Ji kila siku analeta sumu, analeta kisu, analeta ramani, bosi wake anasema ngoja kesho. Mshahara wake analipwa kwa siku au kwa kazi?

Halafu huyu Pei Heng mbona wanamfanyia hivi?